Mpasuko wa Mama Eliza

Siku tulipomzika Mama Eliza, mwanawe mkubwa alisimama chini ya shitingi, turubai la matanga, akasema kwamba mama yake ndiye alikuwa mtu wa kwanza katika avenii yetu kutii sheria ya maji, tena bila kusukumwa na mtu. Watu wakaitika. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha plastiki karibu na sufuria za wali, nikaangalia mikono yangu. Hakusema uongo. Alisema alichoambiwa tangu utoto wake, na ndicho avenii nzima ilichoambiwa. Watu waliojua mambo yote tulikuwa watatu, na wawili sasa wako ardhini. Tangu siku ile silali vizuri. Nimesoma shule ya msingi tu na mkono wangu ni mzito, ukurasa mmoja unanichukua siku mbili, lakini nimeona afadhali niandike kuliko kuendelea kugeuka kitandani.

Namna nilivyofika kwa Mama Eliza ni habari nyingine. Inatosha kusema kwamba Nyiragongo ilipomwaga moto na mto wa lava ukaupasua mji wa Goma katikati, nyumba niliyokuwa nalala ilibaki chini ya mawe, na yeye akanipa mkeka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nyumba yake mpya aliisimamisha juu ya mawe yaleyale, kwa mbao na kwa mabati yaliyookotwa, mengine yamejikunja kwa moto kama majani makavu. Wiki za kwanza sakafu ilikuwa bado na joto. Ukitandaza kitenge kilicholowa asubuhi, saa sita kimekauka bila kuona jua, na watoto walilala bila blanketi. Tulikuwa watu tisa katika vyumba viwili. Tulikula bugali na sombe ya majani ya muhogo, na siku za bahati sambaza, dagaa wa ziwani, wa kukaanga, na wakati wa kula Mama Eliza aliongea bila kupumzika juu ya ng'ombe wake wa Masisi ambao vita vilimnyang'anya: huyu alikuwa na pembe hivi, yule alikuwa anakataa kukamuliwa na mwanamume. Mimi sikuongea. Niliona aibu hata kuomba chumvi. Ningekula bugali bila chumvi mpaka mtu mwingine aombe.

Kitu ambacho Mama Eliza alijivunia kuliko vyote kilikuwa choo. Mtu asiyejua Goma hataelewa. Pale huwezi kuchimba. Majirani walipiga jiwe kwa baramini, mtaimbo wa chuma, wiki tatu, wanapokezana, viganja vinatoka damu, na mwisho wanapata shimo la kufika magotini. Mama Eliza yeye alipata mpasuko. Ulikuwa nyuma ya nyumba, ufa mweusi katika mawe ya zamani, upana wa mkono mmoja, na ukiangusha kokoto ndani unaisikia ikigonga, ikigonga tena, halafu husikii kitu. Akaweka mbao mbili juu, akazungusha mashuka ya zamani, kwisha. "Hii yangu haijae ata kidogo," aliwaambia wageni. "Mungu alinichimbia yeye mwenyewe." Kila aliyepata mpasuko katika kiwanja chake mwaka ule alimshukuru Mungu namna hiyo. Hakuna aliyeuliza ufa unakwenda wapi.

Maji ya robine yalikuwa yamekatika, kwa sababu lava ilipita juu ya mabomba. Avenii tatu zetu zilikunywa maji ya Kamazi, chemchemi ndogo iliyo chini kabisa, pale mawe meusi yanapomalizikia ziwani, upande wa kuelekea ufuo wa Kituku. Maji yalitoka kati ya mawe, baridi, meupe, yakajaza kidimbwi cha ukubwa wa meza mbili, halafu yakaingia ziwani. Wanawake walipenda kuyaita dawa. Lakini watu walikuwa wengi, wamerundikana kwenye mteremko wote, na mara wakaanza kufulia pale, kuosha chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, kunywesha ng'ombe. Shefu wa kartie, yaani wa mtaa wetu, Papa Zabuloni, mtu mfupi aliyevaa koti la suti hata wakati wa joto, akaita wazee na wakaandika regleman. Kutoka chemchemi kupanda juu hatua hamsini, pasiwe na choo, pasiwe na kufua, pasiwe na mnyama wala takataka. Atakayevunja hatatozwa kitu, ila atabeba mawe ishirini ya kujengea ukuta wa Kamazi, siku ya salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, mbele ya watu wote. Karatasi ikapelekwa kwenye ofisi ya mji, ikarudi na muhuri.

Siku ya kupima hatua nilikuwapo. Shefu alijua kwamba akipima kwa miguu yake mifupi, mpaka utakuwa karibu mno. Basi akamwita Serugendo, mchungaji mrefu kuliko watu wote wa kartie, akamwambia apige hatua kama anafuata ng'ombe aliyepotea. Serugendo akaanza kupanda, watu wanahesabu kwa sauti, na wenye nyumba za chini wakaanza kulalamika. "Mupunguze ile miguu!" mama mmoja alipiga kelele. "Imeshameza jiko yangu!" Mwisho wa hatua ya hamsini wakapanga mawe na kuyapaka chokaa nyeupe. Mama Eliza aliangalia kutoka juu, mikono kiunoni, akicheka. Nyumba yake ilikuwa mbali sana na yale mawe meupe, labda mara nne ya hatua zile.

Kisha Shefu akatafuta mtu wa kukaa Kamazi na kuandika majina ya wanaovunja. Walimu walikuwa na kazi zao na vijana waliomaliza sekondari hawakutaka. Mtu akasema, yule mwali wa kwa Mama Eliza anajua kuandika. Nikapewa kaye, daftari la kuandikia majina, na biki na kiti kidogo cha mbao. Siku ya kwanza nilitamani ardhi inimeze. Sikuweza kumwambia mtu mzima, "Mama, toka na sabuni yako." Niliweza tu kufungua kaye, na kuandika kwangu ni polepole, kwa hiyo mara nyingi nilipomaliza jina, mwenye jina alikuwa ameshamaliza kufua. Serugendo, ambaye alipima mpaka kwa miguu yake mwenyewe, ndiye aliyenitania zaidi. Alileta ng'ombe wake wanne mpaka kwenye kidimbwi, akasimama mbele yangu na fimbo yake shingoni.

"Andika muzuri, mwali. Se-ru-ge-ndo. Umefika wapi?"

"Kwa ‘ru', papa."

"Bon, usiharakishe. Ng'ombe zangu ziko na kiu mingi."

Wanawake walicheka mpaka wakaweka bidoni zao za maji chini. Lakini jina liliandikwa, na siku ya salongo Serugendo alibeba mawe ishirini, huku wanawake walewale wakimhesabia: moja, mbili, tatu, usiharakishe, papa. Baada ya hapo aliwanywesha ng'ombe wake mbali, ziwani. Nikaanza kuona kwamba kaye ile ilikuwa na nguvu ambazo mdomo wangu haukuwa nazo. Kijana mmoja aliyekuwa akiosha chukudu alimuuliza Shefu, akiangalia upande mwingine, "Iyi regleman ni ya serikali gani? Ya Kinshasa, ao ya hawa wenye bunduki?" Maana mji wakati ule ulikuwa mikononi mwa waasi, na muhuri ulikuwa wao, na watu waliogopa kuonekana wanauheshimu sawasawa na walivyoogopa kuonekana wanaudharau. Shefu alifunga kifungo cha koti lake. "Ni ya tumbo yako," alisema. "Mule ndani hakuna Kinshasa, hakuna waasi. Toa ile chukudu."

Nimeona serikali nyingi tangu wakati ule. Volkano imeshuka tena, wenye bunduki wamekuja, wameondoka, wamekuja. Kila mmoja analeta muhuri wake na kila mmoja anakuta watu wamejenga pale ambapo mwenzake alikataza. Siku hizi nikisikia mtu redioni anazungumzia kulinda maji, nasikiliza kama atataja mteremko. Wengi wanataja bomba, tangi, robine. Nasi tulikuwa vilevile. Tulifikiri maji ya Kamazi yanazaliwa pale yanapoonekana, na kwamba ukiizungushia chemchemi mawe meupe umeyalinda.

Mwezi ule wa kiangazi Mama Eliza alikuwa anatengeneza kasiksi, pombe ya ndizi, ambayo aliuza kwa vikombe mlangoni. Alikuwa ametega pipa zima wakati uvumi ulipofika kwamba askari wengine wanashuka kutoka Rutshuru. Tulikimbia hadi Kituku na magodoro kichwani, tukalala kati ya mitumbwi, na kesho yake jioni, kwa kuwa hakuna aliyeshuka, tukarudi. Pipa lilikuwa limebaki wazi. Kasiksi ilikuwa imechacha, na kuku wawili wa jirani walikuwa wameangukia ndani. Mama Eliza akalia juu ya pipa lile kuliko alivyolia kwenye mbio. Asubuhi iliyofuata, akiisha kutulia, tukalibeba wawili mpaka chooni na tukamwaga pombe yote katika mpasuko. Ilishuka kwa mlio mrefu, kama mtu anayekunywa kwa pupa. "Kunywa, kunywa," Mama Eliza aliuambia mpasuko, na nikacheka, jambo ambalo sikulifanya mara nyingi.

Kesho yake alfajiri nilikuta wanawake Kamazi wameinama na viganja usoni.

"Mama eh! Leo Kamazi imelewa!"

"Ni arusi ya nani? Juu ya nini hawakutuita?"

"Munipimie bidoni moja ya bwana yangu. Labda leo atabaki kwa nyumba."

Nikachukua maji kwa kiganja. Harufu ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa ileile, ya ndizi na mtama uliochacha, na katika ukingo wa kidimbwi kulikuwa na povu jembamba la rangi ya chai. Nilikaa kwenye kiti changu na kaye juu ya magoti. Niliangalia juu ya mteremko, nyumba juu ya nyumba, mpaka nikaona mashuka ya choo chetu yanapepea. Hakuna mtu mwingine aliyetengeneza kasiksi wiki ile. Nilielewa mara moja, na nikaelewa vilevile kwamba kama pombe ilifika, kila kitu kilikuwa kinafika, tangu siku tuliyoweka zile mbao mbili. Kufika mchana harufu ikaisha, wanawake wakasahau. Mimi sikusema.

Nataka niandike vizuri hapa, kwa sababu ndiyo sehemu ninayoiruka kila mara. Sikunyamaza kwa sababu sikuwa na hakika. Nilinyamaza kwa sababu ya mkeka. Ningesema, choo kingezibwa, na watu tisa wangekwenda wapi? Na mimi, mtu wa kuletwa, niliyekula bugali ya mwanamke yule bila kuleta hata kuni moja, ningesimama mbele yake na kusema nini? Jioni alinipakulia sombe na kuniambia nimekonda, niongeze. Nilianza kusikia watu wakiongea upande wa pili wa ukuta: mtoto wa fulani anaharisha, mzee wa avenii ya pili amepelekwa kwenye hema za wagonjwa. Watu walilaumu moshi wa volkano, walilaumu samaki. Siku ya tatu jirani yetu, Mama Neema, alikuwa na homa, akaniomba nimchotee maji. Nilikwenda Kamazi, nikajaza bidoni yake, nikaibeba kwa mgongo mpaka kwake, nikamimina katika chungu chake cha kunywa. Mwanawe Neema, mwenye miaka minne, alishika kikombe kwa mikono miwili na kunywa mbele yangu, akaniambia, "Aksanti, Sifa." Na mimi nikasema, "Karibu."

Siku ya nne Neema alibebwa kwenye chukudu, amefunikwa kitenge, macho yameingia ndani, na mama yake anakimbia pembeni bila viatu.

Nilifungua kaye. Niliandika jina zima la Mama Eliza, herufi moja baada ya nyingine, na chini yake: choo, mpasuko, kasiksi, Kamazi. Nikaenda kwa Papa Zabuloni. Alikuwa anakula. Akasoma huku anatafuna, kisha akaacha kutafuna.

"Kwa Mama Eliza? Kule juu? Ile iko mbali na mawe, mwali. Regleman haifike kule."

"Maji inafika, Shefu," nikasema. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliisikia sauti yangu vizuri. Nikamwambia yote, na pipa, na kuku, na povu. Akanawa mikono, akavaa koti, tukapanda pamoja bila kumwita mtu.

Mama Eliza alikuwa anamenya ndizi za pipa jipya. Alisikiliza mpaka mwisho, kisu kimesimama hewani. Hakumwangalia Shefu, aliniangalia mimi.

"Ulikuwa unakula bugali yangu na biki mukononi?"

Niliibana kaye kifuani.

"Nilikupa mukeka. Nilikupa pahali kati ya watoto wangu. Na weye unaandika jina yangu pamoja na watu wa kufua suruali katika maji?"

"Mama Eliza," Shefu alisema, "hakuna mutu anakuja kukufunga. Tunataka tujue tu."

"Mutajua leo!" Akaingia ndani, akatoka na sufuria ya kasiksi nzuri, ile ya kuuza, imejaa mpaka juu, akaenda chooni na kuimwaga yote katika mpasuko kwa hasira, mpaka ikamrukia miguuni. "Twende. Twende ninuse hiyo maji yenu." Tukashuka watatu. Tulikaa Kamazi mpaka jua likashuka. Maji yalinuka maji. Mama Eliza alikunja kitenge chake akasema, bila kelele, na ndivyo ilivyoniuma, "Nikirudi, sitaki kukukuta kwangu." Nilimwambia Shefu kwamba mara ya kwanza ilichukua usiku. Akanitazama kama mtu anayetaka kuamini na amechoka. Mkewe akanipa pahali jikoni, karibu na gunia la makala ya kupikia.

Kabla ya jua nilikuwa Kamazi. Nilidhani nitakuwa peke yangu. Mama Eliza alikuwa amechuchumaa ukingoni, magoti karibu kugusa maji, na kiganja kimoja mdomoni. Aligeuka aliposikia miguu yangu. Hakuwa na haja ya kusema, nilisikia harufu kabla sijamfikia. Alibaki pale mpaka Shefu alipokuja, akamwambia, "Iko. Ni yangu."

Shefu alichukua kaye mikononi mwangu, akapasua ukurasa ule, akaukunja na kuutia mfukoni. Nilishtuka. "Sikia," aliniambia. "Katika kartie hii kuna mipasuko ngapi yenye choo juu? Kumi na tano? Makumi matatu? Nikisoma jina yake siku ya salongo, kila mutu ataficha yake kwa majani. Lakini huyu mama akiziba yake yeye mwenyewe, mchana, mbele ya watu, nitaingia katika viwanja vyote." Mama Eliza akatikisa kichwa kukubali. Siku hiyohiyo alianza kubeba mawe. Hakuna aliyemhesabia. Aliyapanga katika mpasuko, akayafunika kwa udongo alioununua kwa mwenye chukudu, na majirani walipouliza, alijibu kwamba amekataa kunywa vyoo vyao na wao wasinywe chake. Wiki ile regleman ikaandikwa upya. Hawakupima hatua tena. Serugendo na mimi tulitembea mteremko wote, kiwanja kwa kiwanja, yeye anatia fimbo yake katika kila ufa, mimi naandika, na kila ufa ukapakwa chokaa, ulio karibu na ulio mbali. Wengine walitutukana. Wengine walitufungulia mbwa. Vyoo vilivyokuwa juu ya mipasuko vikazibwa kimoja baada ya kingine. Muhuri tuliungoja miezi miwili, lakini hatukuungoja ili kuanza.

Neema alirudi kutoka kwenye hema, shingo nyembamba kama ya kuku. Mama yake alikwenda kumshukuru Mama Eliza kwa kuziba choo. Kuhusu bidoni niliyombebea sikumwambia mama yule, si wakati ule wala baadaye, na nikikutana naye sokoni hadi leo najikuta naangalia viatu vyake.

Nilikaa kwa Shefu karibu mwezi mzima. Mama Eliza hakunisalimu. Halafu asubuhi moja, nikipita na kaye yangu, nilimkuta nyuma ya nyumba yake peke yake na baramini, anapiga jiwe lisilo na ufa. Vumbi jeusi lilikuwa limemjaa nyusi. Shimo lilikuwa bado dogo kama sahani. Nilisimama. Sikujua kama nipite au niingie, na yeye aliendelea kupiga, mara tatu, mara nne, kabla ya kuongea.

"Ulijua tangu siku gani?"

"Siku nne mbele ya kuandika, mama."

"Siku nne." Akajifuta uso. "Na zile siku, maji ya kunywa ya nyumba yangu ni nani alikuwa analeta?"

"Ni mimi."

"Na watoto wangu walikunywa."

"Walikunywa."

Alishika baramini kwa mikono miwili. Nilidhani atanipiga, na nilitaka anipige.

"Na weye? Ulikuwa unajua. Ulikunywa nini?"

"Ileile," nikasema. "Kila siku. Sikuweza kunywa ingine mbele yenu."

Akageuka upande wa ziwa. Kisha akanisukumia baramini, chuma chake kikiwa bado na moto wa mikono yake.

"Basi chimba," alisema. "Mie nimechoka."